Ukirudi kazini, mtoto abaki na nani? Dada wa ndani, dada wa kutwa, bibi au dei kea

Likizo ya uzazi Tanzania Bara ni siku 84, na siku 100 kwa aliyejifungua mapacha au zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamruhusu mama kuianza hata wiki nne kabla ya tarehe ya matazamio, kwa hiyo wapo wanaorudi ofisini mtoto akiwa na miezi miwili tu. Mwenye genge au cherehani yake hana hata hizo siku 84. Wote hufika kwenye swali lile lile, na mjini majibu yake kwa kawaida ni manne: dada wa kazi anayeishi ndani, dada wa kutwa anayekuja asubuhi na kuondoka jioni, bibi au ndugu mwingine, na kituo cha kulelea watoto mchana, yaani dei kea.

Naandika kwa ajili ya mzazi ambaye ameshauriwa na mama mkwe, wenzake wa kazini na jirani wa ukuta kwa ukuta, kila mmoja akiapa kwamba njia yake ndiyo salama. Nyumba hazifanani. Njia iliyowafaa wao inaweza kuivuruga ya kwako kwa sababu tu saa zenu ni tofauti au mtoto wenu ni mdogo zaidi. Kwa hiyo tuanze na vipimo, kisha kila njia ipite kwenye vipimo hivyo hivyo.

Vipimo vitano

Saa. Acha saa za ofisi. Hesabu tangu mlango unapofungwa asubuhi hadi unapofunguliwa jioni. Anayeishi Chanika na kufanya kazi Posta anaweza kutoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa moja na nusu usiku siku ya foleni. Hizo ni saa kumi na nne na nusu. Andika na za baba kwenye karatasi hiyo hiyo. Mara nyingi pengo hupungua sana baba akikubali kuwa yeye ndiye wa kumwogesha mtoto na kumkabidhi asubuhi, au mmoja wenu akiomba kubadilishiwa zamu.

Pesa yote. Mshahara au ada ni sehemu tu. Kuna chakula, nauli, sabuni, pampasi, matibabu, na ile siku unayokosa kazini kwa sababu mlezi hayupo.

Umri wa mtoto mdogo kuliko wote. Wa miezi mitatu anahitaji mikono ile ile kila siku. Wa miaka mitatu anahitaji wenzake na mahali pa kukimbia.

Macho. Mlezi anapokuwa na mtoto, nani mwingine anawaona? Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Kipimo hiki kinamhusu dada, mjomba, mlinzi, dereva wa basi la shule na mgeni wa wikiendi kwa usawa. Kinachonitisha kuliko yote ni pale nyumba inapoacha kuuliza maswali kwa sababu "huyu ni wa kwetu".

Siku ya kukwama. Mlezi akiugua, akifiwa, au akiondoka bila kuaga, kesho asubuhi mtoto yuko na nani? Wazazi wengi huliruka swali hili wakati wa kuchagua, na ndilo linalowarudisha nyumbani katikati ya wiki.

Dada wa ndani

Saa. Hapa hashindwi na yeyote. Ukitoka alfajiri yupo, ukichelewa yupo, mtoto akipata homa usiku kuna mtu wa pili wa kushika taa. Tatizo lake limo humo humo: kazi yake haina mwisho unaoonekana. Anaamka kuchemsha chai kabla ya wote, analala vyombo vikishaoshwa, na katikati amebeba mtoto mgongoni huku anafua. Sheria ya kazi inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, pamoja na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na mfanyakazi wa nyumbani ni mfanyakazi. Mtu aliyechoka kiasi hicho hawezi kuwa na subira na mtoto anayelia, hata awe na moyo mzuri namna gani. Kwa hiyo pangeni: wazazi wakiingia ndani, mtoto ni wa wazazi. Jumapili ni ya kwake, na asiulizwe anakwenda wapi kana kwamba ameiba.

Pesa. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha Sh 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri, na Sh 120,000 kwa asiyeishi humo, huku wanaoajiriwa na wanadiplomasia na wafanyabiashara wakubwa wakiwa na kiwango cha juu zaidi. Amri nyingine imeanza Januari 2026 na imepandisha mishahara ya sekta binafsi, kwa hiyo pita ofisi ya kazi uone kiwango cha sasa kabla ya kukubaliana. Hicho ni kima cha chini. Juu yake ongeza chakula chake, sabuni, taulo za kike, vocha, hospitali, nauli ya kumleta kutoka Singida au Iringa, na nauli ya kwenda kwao mwisho wa mwaka. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu ya michango hiyo.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa: mahali pa kulala. Nyumba ya chumba na sebule haimtoshi. Akilala sebuleni, hawezi kulala hadi mwenye nyumba amalize kuangalia mpira, na hana mlango wa kufunga anapobadilisha nguo. Hilo la mlango ni suala la usalama wake, na nyumba isiyoweza kumpa mlango ichague njia nyingine.

Umri. Anafaa sana kwa kichanga, na kwa nyumba yenye watoto wa umri mbalimbali: mmoja yuko darasa la pili, mmoja anatambaa. Lakini tazama na umri wa dada mwenyewe. Sheria ya Mtoto ya 2009 inahesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inaruhusu kazi nyepesi tu kuanzia miaka 14. Kubaki peke yake na kichanga kutwa nzima, kupika kwa gesi na kubeba maji si kazi nyepesi. Mimi nasema wazi: usimchukue binti wa chini ya miaka 18 hata kama wazazi wake wanakusihi. Kitambulisho cha taifa hutolewa kwa aliyefikisha umri huo. Asiye nacho aje na cheti cha kuzaliwa au barua ya serikali ya kijiji.

Macho. Geti likifungwa, wapo wawili tu. Jenga ukaribu na jirani anayeshinda nyumbani, na rudi saa usiyotarajiwa mara moja moja. Soma dalili kwa mtoto mwenyewe: mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki, upele wa nepi usiopona, hofu mpya anapopewa mtu fulani. Mkifunga kamera, mwambieni, na isiwekwe chumbani kwake wala bafuni.

Wengi hudai dada apimwe VVU kabla ya kuanza. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima. Mpeleke akachunguzwe afya kwa ujumla kwa ridhaa yake, kikohozi cha muda mrefu hasa, kwa kuwa kifua kikuu ndicho kinachoweza kumpata mtoto kwa kukaa chumba kimoja.

Siku ya kukwama. Desemba. Msiba kijijini. Mchumba. Au mama wa mtaa wa pili aliyemwahidi nyongeza. Akilipwa kwa mwezi, notisi ya kuacha au kuachishwa ni siku 28 kwa pande zote mbili baada ya mwezi wa kwanza wa kazi, na likizo yake ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Andikeni hayo kwenye karatasi, msaini wote wawili. Dada anayejua kwamba likizo yake ipo na nauli yake ipo hana sababu ya kuaga kwa siku tatu za msiba kisha asipatikane tena kwenye simu.

Dada wa kutwa

Saa. Zinategemea anakoishi. Wa mtaa wa pili atafika saa kumi na mbili asubuhi. Wa kupanda daladala mbili atafika saa moja kasoro siku njema, na wakati wa masika utamsubiri. Muulize jambo ambalo waajiri wengi hawaulizi: watoto wako wanabaki na nani? Mara nyingi ni mama kama wewe. Wake wakikosa mlezi, na wako amekosa.

Pesa. Mshahara wake ni mkubwa kuliko wa anayeishi ndani, na ni haki, kwa sababu analipa kodi na kula usiku kwake. Wewe unaokoa chakula cha jioni, kitanda na safari za mkoani. Nauli elewaneni mapema kama imo ndani ya mshahara au nje. Kumlipa kwa mwezi kuna utulivu kuliko kwa siku: anayelipwa kwa siku au kwa wiki anaweza kuondoka kwa notisi ya siku nne, na nne hazitoshi kumpata mwingine na kumzoesha mtoto.

Umri. Anafaa mtoto aliyevuka mwaka, na zaidi ya hapo mwanafunzi mdogo. Darasa la awali katika shule za msingi za serikali ni la miaka mitano, halina ada, na watoto hutoka mapema mchana. Pengo la kuanzia saa sita au saba hadi wazazi warudi linajazwa vizuri na dada wa nusu siku, ambaye humpokea mtoto, humlisha na kufua kidogo.

Macho. Kama ni wa mtaani, unajua kwake, mjumbe anamjua, kanisani au msikitini anajulikana. Huo ni ulinzi ambao dada aliyetumwa na wakala wiki iliyopita hana.

Siku ya kukwama. Zitakuwa nyingi lakini fupi: mvua, mtoto wake anaumwa, kikao cha shule. Utapigiwa simu asubuhi hiyo hiyo. Mkipanga mapema kwamba siku kama hizo nani kati ya baba na mama anaomba ruhusa, hazitawagombanisha. Na jioni nyumba inabaki ya kwenu. Kuna ndoa zinazohitaji hilo sana, kwa kuwa kila ugomvi mdogo wa mume na mke mbele ya mtu wa tatu huzaa wa pili.

Bibi au ndugu

Saa. Bibi hatazami saa ya ukutani. Lakini ana maisha yake: kikoba, jumuiya, shamba, kliniki ya presha. Ukimtoa Moshi au Songea ukamfungia kwenye nyumba ya kupanga Kinondoni asikojua mtu, atavumilia miezi miwili halafu ataanza kuulizia migomba yake. Mpe siku zake za kutoka kama unavyompa mwajiriwa.

Wengine hufanya kinyume: mtoto anapelekwa kijijini kwa bibi. Kwa mtoto wa miaka minne ambaye wazazi wanamwona kila mwezi, inawezekana. Kwa aliye chini ya miezi sita siipendekezi hata kidogo, maana huo ni umri wa kunyonya maziwa ya mama pekee, na ukimpeleka kijijini umemwachisha.

Pesa. Hakuna bibi wa bure. Kama mwajiriwa angelipwa, basi na mama apewe kitu kila mwezi, mkononi mwake, mbali na pesa ya matumizi ya nyumbani. Usimtajie kama mshahara; mwambie "mama, hii ni ya kwako". Dawa zake na nauli yake ziwe kwenye bajeti yenu tangu mwanzo.

Umri. Kwa kichanga, mikono ya bibi ni hazina. Anajua kucheulisha, anajua kilio cha njaa na cha tumbo, hana haraka. Mtoto akianza kupanda meza na kukimbilia barabarani, magoti ya bibi hayamfikii. Hapo ndipo nyumba nyingi humwongezea msaidizi, na ni jambo zuri likifanyika kabla hajaanguka.

Upande huu una mvutano wake, nao unastahili nafasi. Bibi amelea sita, wewe una mmoja. Atampa maji kwa kijiko akiwa na miezi miwili, atapendekeza uji mwezi wa nne, atamtafutia dawa ya mchango. Anafanya hivyo kwa mapenzi, na ndivyo alivyofundishwa. Ubishi jikoni hausaidii. Kilichonyooka ni kumchukua mwende naye kliniki, asikie kwa muuguzi mwenyewe kwamba hadi miezi sita ni ziwa tu, wala si maji. Akirudi atakuwa mlinzi wa kanuni hiyo kuliko wewe. Na kama ni mama mkwe, mwenye kuzungumza naye ni mwanawe. Mkwe asitangulizwe kwenye mazungumzo hayo.

Macho. Upendo upo. Lakini nyumba ya bibi huwa na watu wengi wanaoingia na kutoka, na bibi hulala mchana. Kanuni za nani anamwogesha mtoto, nani analala naye na nani hapaswi kubaki naye peke yake zisemwe kwa heshima, na zisemwe mapema.

Siku ya kukwama. Bibi akiugua, mara moja unakuwa na wagonjwa wawili wa kuuguza. Kwa mdogo wako aliyemaliza kidato cha nne, kalenda inajulikana: mtihani ni Novemba, matokeo hutoka mwanzoni mwa mwaka, na wanaochaguliwa kidato cha tano huripoti katikati ya mwaka. Utakuwa naye nusu mwaka tu. Usimfanyie nyumba yako kuwa sababu ya kukosa chuo. Mwambie tangu siku ya kwanza lini atakuwa huru, na mtafute mwingine kabla ya siku hiyo.

Dei kea

Saa. Vituo vingi hufungua asubuhi mapema na kutaka mtoto achukuliwe kabla ya giza. Jumamosi hutegemea, na sikukuu hufungwa. Uliza kama hufuata likizo za shule, kwa sababu kinachofunga Juni na Desemba kitakuacha bila mlezi majuma kadhaa. Mwenye zamu za usiku hakimfai kikiwa peke yake.

Pesa. Ada hutofautiana mno, kutoka makumi ya maelfu kwenye kituo cha mtaani hadi laki kadhaa kwenye vituo vya gharama. Cha kuangalia ni kwamba ada hulipwa kwa kichwa. Chukua namba za mfano. Ada ni 120,000 pamoja na uji na chakula cha mchana, na bajaji ni 2,000 kwa siku kwa siku 22: jumla 164,000. Dada wa ndani wa mshahara wa 100,000, chakula chake ukikikadiria 3,000 kwa siku, anafika 190,000 kabla ya sabuni na matibabu. Kwa mtoto mmoja, kituo kina unafuu. Kwa watoto wawili kituo kinafika 284,000, ilhali dada yuko pale pale. Weka namba za mtaani kwako kwenye hesabu hiyo hiyo kabla ya kusikiliza maoni ya mtu.

Umri. Kuanzia miaka miwili na nusu hivi, faida inaonekana kwa macho: mtoto anaimba, anasubiri zamu, anajua kwenda chooni. Kwa kichanga, uliza swali moja gumu: mlezi mmoja ana vichanga wangapi? Mtu mmoja hawezi kulisha wanne wanaolia kwa pamoja. Tarajia pia miezi ya mwanzo ya mafua na kuhara; magonjwa hupita haraka watoto wanapokaa pamoja, kama Dar es Salaam ilivyoona wakati wa mlipuko wa macho mekundu mwanzoni mwa 2024.

Ninawasihi wazazi wasivutwe na bango la Kiingereza. Mtoto wa miaka miwili anajenga lugha kwa kuongeleshwa, kuulizwa na kusikilizwa na mtu anayempenda, kwa lugha ambayo mtu huyo anaimudu. Kituo kinachowakalisha watoto wa miaka mitatu kwenye madawati wanakili herufi kutwa nzima, kwangu mimi, kinakula muda wao wa kucheza.

Macho. Kwa kipimo hiki kituo kizuri kina nguvu, kwa kuwa walezi wanaonana wao kwa wao. Kituo kibaya nacho ni hatari kwa sababu ile ile, mabaya yakishazoeleka kwa wote. Vituo hivi vinatakiwa kusajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto na kanuni zake za 2014, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako ndiye wa kuulizwa. Omba kuona cheti. Kisha nenda bila taarifa, saa nne asubuhi, na tena saa nane mchana watoto wanapolala. Tazama mfuniko wa tangi au kisima, geti, jiko liko umbali gani na wanapocheza, choo, maji ya kunawa, magodoro. Uliza nani anaruhusiwa kumchukua mtoto na wanamtambuaje. Kituo kinachokuzuia kuingia ndani kimeshakujibu.

Siku ya kukwama. Mlezi mmoja akiugua, wengine wapo. Mtoto akiugua, anarudishwa kwako, na ni sawa. Kwa hiyo kituo peke yake hakitoshi: lazima awepo mtu wa siku za homa, iwe shangazi, jirani au mzazi mwenye siku za ruhusa mkononi.

Kwa hali yako

Kama mtoto hajafika miezi sita na ananyonya, umbali kati yake na ziwa ndio uamue mengi. Sheria inampa mama hadi saa mbili ndani ya siku ya kazi kwa ajili ya kunyonyesha. Kituo kilicho dakika kumi kutoka ofisini, au bibi anayeweza kuletwa karibu, vinakuwezesha kuzitumia. Ukibaki na dada nyumbani mbali, utakamua. Maziwa hukaa saa nne nje ya friji kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25, na joto la Dar huvuka hapo karibu mwaka mzima, kwa hiyo yaingie kwenye friji mara moja, na yatumike ndani ya siku nne. Nyumba isiyo na friji, au yenye umeme wa kukatika kila siku, iangalie njia ya ukaribu kwanza.

Wazazi wa zamu, wauguzi, wahudumu wa hoteli, askari, madereva wa masafa: dada wa ndani mtu mzima au ndugu. Njia mbili nyingine hazina usiku. Kama ni wawili wa zamu, msiombe zamu zinazofanana hata kama posho ni nzuri.

Watoto wawili au watatu chini ya miaka saba, nyumba yenye chumba cha ziada: dada wa ndani hubeba vizuri, na yule wa miaka mitatu au minne apelekwe dei kea nusu siku ili dada apumue na mtoto apate wenzake. Wawili wakubwa wote wakiwa shuleni, humhitaji tena mtu wa kulala. Dada wa mchana anatosha.

Mama anayelea peke yake kwa kipato cha siku, chumba kimoja: kituo cha mtaani kilichosajiliwa, au kuungana na mama mwingine wa uwanja ule ule mkamlipa dada mmoja wa kutwa. Likifanyika hilo la pili, semeni wazi ni watoto wangapi, nani analeta uji, na asiwazidi watatu wadogo. Epuka kumwachia mtoto wa miaka minane kazi ya kulea mdogo wake. Atakosa shule, na ikitokea ajali atabeba lawama isiyo yake.

Mtoto mwenye ulemavu au anayehitaji mazoezi ya viungo hufaidika na mlezi asiyebadilika. Ndugu au dada aliyekuwepo wakati mtaalamu anaelekeza namna ya kumlisha na kumketisha ana thamani kuliko kituo kizuri kisichojua. Lipa zaidi ili asiondoke. Baadaye, akizoea, tafuta kituo kinachomkubali kwa saa chache ili asifichwe ndani.

Mtoto wa miaka mitatu anayeshinda mbele ya televisheni kwa sababu dada anapika, anafua na kupiga pasi peke yake: kabla ya kumbadilisha dada, mpunguzie kazi. Lete mtu wa kufua mara moja kwa wiki, au mtoto aende dei kea asubuhi.

Na kwa njia yoyote, anza wiki mbili kabla ya siku ya kurudi kazini. Wiki ya kwanza upo nyumbani, mlezi anafanya na wewe unaangalia. Ya pili unatoka saa moja, kisha saa tatu, kisha kutwa. Mlezi awe na karatasi ukutani yenye namba zenu, za jirani, na 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Aijue kadi ya kliniki ilipo na tarehe za chanjo: wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua na rubela mwezi wa 9 na wa 18. Siku hizo mzazi mmoja aende mwenyewe, kwa sababu pale ndipo uzito unapopimwa na muuguzi huuliza maswali ambayo mlezi hawezi kuyajibu.